Faili lako halijaharibika: kwa nini ng' inageuka alama za ajabu kwenye kompyuta

“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu chenye wanachama 64, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Orodha ya wanachama niliiandika mwenyewe kwenye Word, nikainakili kwenye jedwali la mtandaoni, kisha nikaipakua kama faili la CSV ili niipeleke kwenye mfumo wa kutuma meseji za mkupuo. Nilipoifungua kwa Excel, kila penye ng' pamejaa alama nisizozijua: Chang’ombe, Ng’hong’honha. Kijana wa steshenari amesema ni kirusi, faili limeharibika, nimlipe alisafishe. Mwalimu mmoja amenishauri nifute tu ile alama ya juu kwenye majina yote. Kuna mambo mengine mawili yananitatiza. Nikitafuta jina ambalo naliona kwa macho yangu kwenye orodha, kompyuta inajibu kuwa halipo. Na tangazo la kikao lenye herufi 158, ambalo zamani lilikuwa likihesabiwa kama meseji moja kwa kila mwanachama, safari hii limehesabiwa kama meseji tatu. Je, kompyuta hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili? Na tukitaka kuandika sawasawa, kwa Kirangi, majina ya mashamba ya wenzetu waliotoka Kondoa, itakuwaje?”

Marahaba, Ndugu Katibu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Faili lako halina kirusi wala halijaharibika, na kwa maelezo uliyoyatoa hakuna hata herufi moja iliyopotea. Usimlipe mtu kwa ajili ya kulisafisha na, tafadhali sana, usizifute ritifaa, yaani ile alama ya juu ya ng', kwenye majina ya watu. Alama za ajabu, jina linaloonekana lakini halipatikani, na meseji moja iliyogeuka tatu, yote hayo yana chanzo kimoja: katika maandishi yako zimo ritifaa za aina mbili ambazo kwa macho yetu zinafanana, lakini kwa kompyuta ni vitu viwili visivyo na undugu wowote. Nitakueleza kwa utaratibu zilikotoka, kwa sababu ukilielewa hilo utaweza kurekebisha orodha yako mwenyewe, na hutatishwa tena na mtu yeyote.

Wengi tunadhani kwamba tunapoandika herufi, kompyuta inaweka picha ndogo ya herufi hiyo mahali fulani ndani yake. Sivyo. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Wewe ni katibu, kwa hiyo unalo daftari la wanachama ambamo kila mtu ana namba yake. Ukiandika kwenye risiti kwamba namba 39 amelipa ada, yeyote mwenye daftari lako atajua aliyelipa ni nani. Risiti hiyo hiyo ikiangukia mikononi mwa katibu wa kikundi cha alizeti cha kijiji jirani, naye akafungua daftari lake, ataisoma namba 39 na kutaja jina la mtu mwingine kabisa. Hajakosea kusoma, na risiti haijachakaa. Daftari alilolifungua ndilo ambalo silo. Maandishi yote yaliyomo ndani ya kompyuta ni mfululizo wa risiti za namna hiyo, na daftari lake ni jedwali la msimbo, yaani makubaliano kwamba namba hii itasimama badala ya herufi ile.

Jedwali lililoenea kuliko mengine kwa muda mrefu ni ASCII, lililotolewa nchini Marekani mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1967, wakati ambapo liliongezewa herufi ndogo. Lina nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127, kwa sababu lilipangwa kwa biti saba, na sifuri na moja zikipangwa mahali saba haziwezi kutoa michanganyiko zaidi ya 128. Nafasi 33 kati ya hizo ni amri zisizoonekana, kama ile ya kuanza mstari mpya, na 95 zilizobaki ni alama za kuandikia, nafasi tupu kati ya maneno ikiwamo. A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97, na tofauti hiyo ya 32 kati ya herufi kubwa na ndogo yake haibadiliki kutoka A hadi Z. Tarakimu 0 ni 48. Ritifaa iliyonyooka, ile iliyochorwa kwenye kitufe cha kibodi yako, ni 39.

Hapa lipo jibu la swali lako kuhusu Kiswahili. Waliopanga ASCII walikuwa wakifikiria Kiingereza cha Marekani. Sisi hatukuwa mawazoni mwao. Hata hivyo, Kiswahili kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini hakina vikofia wala nukta za juu kama Kifaransa au Kijerumani, na karibu kila tunachokiandika kimo ndani ya zile alama 95. Lugha yetu iliupita mlango huo bila kuinama, na ndiyo maana wengi wetu tumetumia kompyuta miaka mingi bila kukutana na tatizo lako. Tunakutana nalo hasa kwenye ng', na sisi wa Dodoma tunakutana nalo mara nyingi zaidi, kwa sababu Kigogo kimeijaza sauti hiyo katika majina ya mahali petu. Ng'hong'honha ina ritifaa mbili katika neno moja, Chang'ombe inayo, na Ng'hambi kule Mpwapwa inayo.

Sasa ritifaa ya pili imetoka wapi? Taipureta ilikuwa na ritifaa moja tu, iliyonyooka, kwa kuwa vitufe vilikuwa vichache na kimoja kilibeba kazi nyingi. Wachapaji wa vitabu, kwa upande wao, walikuwa tangu zamani na ritifaa iliyopinda, kama koma iliyopandishwa juu ya mstari. Programu kama Word zilipotaka kurasa za ofisini zipendeze kama za kitabu, zilipangwa zibadilishe ritifaa kimyakimya: wewe unabonyeza ', yenyewe inakuandikia ’. Katika barua itakayochapishwa kwenye karatasi jambo hilo halina ubaya wowote. Lakini ritifaa iliyopinda haimo kabisa ndani ya ASCII. Namba yake ni 8217, na namba hiyo inatoka kwenye daftari jingine, kubwa zaidi.

Kabla ya daftari hilo kubwa kukubalika, kila upande wa dunia ulijitengenezea la kwake. Baiti moja ina biti nane na inaweza kubeba namba kuanzia 0 hadi 255. ASCII ilitumia 128 za mwanzo, na 128 za juu zikabaki wazi kwa kila mwenye kuhitaji. Namba 226, kwa mfano, ilikuwa â kwenye jedwali la Ulaya Magharibi linaloitwa Windows-1252, ikawa в kwenye jedwali la Windows la lugha ya Urusi, na β kwenye lile la Kigiriki. Mtu wa Ugiriki alipompelekea faili mtu wa Urusi, kila mmoja alisoma kwa daftari lake. Mwaka 1988 Joe Becker, aliyekuwa akifanya kazi Xerox, alipendekeza daftari moja kwa lugha zote za dunia, akaliita Unicode, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1991. Leo lina nafasi 1,114,112, na herufi zilizokwisha kupewa namba zimezidi 150,000, zikiwamo za Kiarabu ambazo wazee wetu wa pwani walikiandikia Kiswahili kwa muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi. Nafasi 128 za mwanzo waliziacha zilivyokuwa kwenye ASCII, kwa hiyo A bado ni 65 na ritifaa iliyonyooka bado ni 39.

Likabaki swali moja: baiti inayoishia 255 itabebaje namba 8217? Jibu linalotumika karibu kila mahali siku hizi ni UTF-8, lililobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwezi Septemba mwaka 1992. Namba iliyo chini ya 128 hukaa kwenye baiti moja, vilevile kama katika ASCII, na namba kubwa zaidi hugawanywa kwenye baiti mbili, tatu au nne. Naomba uchukue kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu hii ndogo ndiyo inayofichua alama zako zilikotoka. Namba 8217 iko kwenye kundi la baiti tatu. Igawanye kwa 4096: inaingia mara 2, inabaki 25. Hiyo 25 igawanye kwa 64: haiingii hata mara moja, kwa hiyo tunaandika 0, na 25 inabaki vilevile. Tumepata 2, 0 na 25. Baiti ya kwanza huongezewa 224, ambayo ni ishara ya kumwambia msomaji kwamba nyuma yake zinafuata baiti mbili za herufi hiyo hiyo. Kila baiti inayofuata huongezewa 128, ishara kwamba yenyewe ni mwendelezo na haisomwi peke yake. Jumlisha: 226, 128, 153. Hivyo ndivyo ritifaa yako iliyopinda ilivyohifadhiwa ndani ya faili.

Ulipolibofya faili la CSV mara mbili, Excel haikuwa na njia ya kujua kwamba baiti hizo zimeandikwa kwa UTF-8. CSV ni maandishi matupu, na hakuna kanuni inayolilazimisha litaje jedwali lililotumika kuliandika. Excel ikachukua jedwali la mazoea la kompyuta hiyo, Windows-1252, ikasoma baiti moja baada ya nyingine: 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Ziweke pamoja unapata ’, ambazo ndizo hasa ulizoniandikia. Ndiyo sababu ninaweza kukuhakikishia, hata bila kuliona faili lako, kwamba baiti zake ziko salama. Kirusi hakifanyi kazi nadhifu hivyo, ya kugusa ritifaa peke yake na kuacha kila herufi nyingine mahali pake.

Hatari ya kweli iko kwenye kuhifadhi. Ukiliona faili likiwa katika hali hiyo kisha ukalihifadhi kwa UTF-8, kompyuta itaamini kwamba zile alama tatu ndizo ulizokusudia kuandika, nayo itazipa baiti zake: mbili za â, tatu za €, tatu za ™, jumla nane. Atakayelifungua tena kwa jedwali lisilo lake ataona ’, alama nane mahali pa ritifaa moja, na akihifadhi naye, zinazaana zaidi. Niliwahi kuletewa orodha iliyopita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akijitahidi kuitengeneza, na jina moja la kitongoji lilikuwa limejaza mstari mzima. Hata hiyo ilirudishwa, kwa kurudi nyuma hatua moja baada ya nyingine, lakini ilichukua siku nzima. Kwa hiyo lifunge faili lako bila kulihifadhi, kisha utengeneze nakala yake kabla ya kugusa chochote.

Ni vizuri pia ujue kutofautisha dalili, kwa maana si kila alama ngeni ina maana moja. Ukiona ’, mara nyingi namba ni nzima na daftari ndilo lililokosewa. Ukiona kisanduku kitupu mahali pa herufi, kwa kawaida namba ni nzima na daftari ni sahihi, ila fonti iliyochaguliwa haina mchoro wa herufi hiyo. Badilisha fonti nayo itatokea. Lakini ukiona alama ya kuuliza katikati ya jina, kama Chang?ombe, hiyo ni habari mbaya, kwa sababu programu fulani ilihifadhi maandishi kwenye jedwali lisilo na nafasi ya ritifaa iliyopinda, ikaitupa na kuweka alama ya kuuliza mahali pake. Kilichomo sasa ni namba 63, alama ya kuuliza halisi, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaojua kilikuwapo nini kabla. Hapo inabidi kurudi kwenye daftari la karatasi.

Kuhusu jina lisilopatikana, utakuwa umekwisha kuona sababu. Kompyuta inapotafuta hailinganishi maumbo, inalinganisha namba. Ulipoandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia ulibonyeza ritifaa ya 39, na katika orodha limeandikwa kwa 8217. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti, kama vile ungetafuta Zuzu na kukuta Zuza. Baadhi ya programu, Word ikiwa mojawapo, huisamehe tofauti hiyo wakati wa kutafuta, na huenda ndiyo sababu hukuigundua mapema. Jambo hili si dogo kwa kikundi chenye fedha. Mwanachama aliyeandikishwa kwenye laptopu yako kwa ritifaa moja na kwenye simu ya mhazini kwa nyingine anahesabiwa kuwa watu wawili, na siku ya kugawa malipo ya zabibu mmoja wao anaonekana hajawahi kuleta mzigo. Nimeona watu waaminifu wakishukiana kwa sababu ya alama hiyo moja, na inaniuma, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kosa.

Meseji nayo ina hesabu yake. Meseji moja ya simu hubeba baiti 140, ambazo ni biti 1,120. Jedwali la kawaida la meseji hutumia biti saba kwa kila herufi, na ukigawanya 1,120 kwa 7 unapata zile herufi 160 tulizozizoea. Jedwali hilo lina herufi zote za Kiswahili na ritifaa iliyonyooka, ila halina ritifaa iliyopinda. Ikitokea herufi hata moja isiyokuwamo, ujumbe wote, siyo herufi hiyo peke yake, huhamishiwa kwenye msimbo wa biti 16 kwa kila herufi, na 1,120 kwa 16 ni 70. Tangazo lako la herufi 158 halitoshi tena kwenye meseji moja, kwa hiyo linakatwa vipande, na kwa kuwa kila kipande hutoa baiti sita za kuelezea mpangilio wa vipande, zinabaki nafasi 67 za herufi. Vipande viwili vinabeba 134 tu, cha tatu kinahitajika, na kwa wanachama 64 umelipia meseji 192 badala ya 64. Bila shaka tangazo hilo ulilinakili kutoka Word, na ndani yake kulikuwa na ng' moja iliyopinda, au alama za kunukuu zilizopinda, ambazo hufanya vivyo hivyo.

Tuje kwenye uamuzi. Ushauri wa mwalimu wa kufuta ritifaa ungeiondoa shida ya kompyuta, nao kwa hakika ulitolewa kwa nia njema, lakini ungeleta shida kubwa zaidi kwa watu. Ng ya ngoma na ng' ya ng'oa ni sauti mbili, na jina la mtu au la kijiji lililoondolewa ritifaa limekosewa. Tena jina kwenye orodha yenu linatakiwa kulingana na kitambulisho cha Taifa na akaunti ya benki ya mhusika. Ikiwa kitambulisho chenyewe kimeandikwa bila ritifaa, fuata kitambulisho, na uandike pembeni jina linavyotamkwa. Lakini usiwe wewe wa kuanza kuifuta.

Zinabaki ritifaa tatu za kuchagua, maana ipo na ya tatu. Iliyopinda, 8217, inapendeza kwenye vitabu na kalenda za ukutani. Ya tatu ni namba 700 katika Unicode, ʼ, nayo inahesabiwa kuwa herufi kamili na si alama ya uakifishi, jambo linalowapendeza wataalamu wa isimu kwa sababu programu haikati neno katikati inapoifikia. Nami nakubali kwamba kinadharia ndiyo inayoitendea haki sauti yetu. Lakini haimo kwenye kibodi za kawaida, inakuponza kwenye meseji kama iliyopinda, na hakuna mwenzako katika kikundi atakayeikumbuka. Kwa orodha ya wanachama, meseji na mafomu, ninakushauri bila kusita utumie 39. Sababu yangu kubwa ni hii: faili la Kiswahili lenye ritifaa za 39 tu, lisilo na alama nyingine ngeni, lina namba zilizo chini ya 128 peke yake, na namba hizo zinasomeka sawasawa katika ASCII, Windows-1252 na UTF-8. Daftari lolote litakalofunguliwa litatoa jina lile lile. Kasoro yake ni moja: hifadhidata nyingi hutumia 39 kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi, na mfumo uliotengenezwa bila uangalifu unaweza kulikataa jina lenye alama hiyo. Ukikutana na mfumo wa aina hiyo, mwambie mwenye mfumo autengeneze, kwa kuwa kosa haliko kwenye jina.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Fungua Excel tupu, usibofye faili. Nenda “Data”, kisha “From Text/CSV”, chagua nakala ya faili lako, na pale panapoandikwa “File Origin” chagua “65001: Unicode (UTF-8)”, ambayo ndiyo namba ya UTF-8 katika Windows. Utaona majina yamerudi mbele ya macho yako kabla hata hujaendelea. Hapo hapo uingie “Transform Data” na ugeuze safu ya simu iwe “Text”, la sivyo Excel itadhani namba ya simu ni kiasi cha kuhesabiwa na kuifuta sifuri ya mwanzo. Namba ya simu ni maandishi, na sifuri yake ni ile alama ya 48 niliyoitaja juu. Kisha pima: ikiwa kisanduku A2 kina Ng'hong'honha, andika pembeni =UNICODE(MID(A2,3,1)), na Excel ya mwaka 2013 au iliyofuata itakujibu namba ya herufi ya tatu, 39 au 8217. Ili kuzibadilisha zote, andika =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),UNICHAR(39)), uivute hadi chini, unakili matokeo na kuyabandika kama thamani peke yake (“Values”), bila fomula. Ukikuta pia 8216, ambayo ni ritifaa iliyopinda upande wa pili, rudia kwa namba hiyo.

Mwisho hifadhi kwa aina ya “CSV UTF-8”. Aina hii huweka baiti tatu mwanzoni mwa faili, 239, 187 na 191, ili Excel ilitambue siku nyingine. Mfumo wa meseji ukikuonyesha  mbele ya kichwa cha safu ya kwanza, ni baiti hizo tatu zilizosomwa kwa Windows-1252. Waulize wenye mfumo, au uhifadhi kama CSV ya kawaida, ambayo sasa haina madhara kwa kuwa majina yako yote yako chini ya 128. Kwenye Word, katika mipangilio ya AutoCorrect chini ya “AutoFormat As You Type”, ondoa tiki mahali panapotajwa “smart quotes”, ili ritifaa zisipindwe tena bila ruhusa yako.

Kwa wenzako wa Kondoa hali ni tofauti, na sitaki nikupe matumaini ambayo hayapo. Kirangi kina irabu zinazoandikwa ɨ na ʉ, ambazo katika Unicode ni 616 na 649, na hakuna mbadala wake ndani ya ASCII. Ukiandika i na u badala yake umeandika irabu nyingine, na neno linaweza kubadilika maana. Vivyo hivyo kwa Kisandawe cha kule Chemba: wataalamu wa isimu huandika mojawapo ya sauti zake za kidoko kwa ǃ, ambayo ni herufi namba 451, ingawa kwa macho huwezi kuitofautisha na alama ya mshangao, 33. Kwa majina ya mashamba ya Kirangi, basi, tumia UTF-8 kila hatua, hakikisha fonti inazo herufi hizo, na ukubali kwamba meseji yenye ɨ itahesabiwa kwa herufi 70. Unaweza kuweka safu mbili katika orodha: moja ya jina kamili la Kirangi kwa ajili ya kumbukumbu na hati za kikundi, nyingine ya jina lililorahisishwa kwa ajili ya meseji tu. Mimi ningeiita ya kwanza ndiyo jina, na ya pili ufupisho.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatatosha na itabidi ukae na mtu uso kwa uso. Kama kila ng' ina alama nane au zaidi, kama alama za kuuliza zimekwisha kuingia kwenye majina, au kama orodha hiyo imeunganishwa na malipo ya benki na umegundua mwanachama amejirudia, usibahatishe. Mwone afisa TEHAMA wa halmashauri, au mwalimu wa somo hilo katika chuo kilicho karibu nawe, na mtengenezaji wa mfumo wa meseji ikiwa faili ni zima na mfumo ndio unaokataa. Mpelekee faili lenyewe jinsi lilivyo, siyo picha ya skrini, kwa sababu kwenye picha namba hazimo. Umpelekee pia toleo la kwanza la Word na daftari la karatasi. Keti naye anapofanya kazi, na usiiache orodha kwenye kompyuta ya steshenari au kwenye flashi ya mtu, kwa kuwa ina majina na simu za watu 64, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Yule kijana wa steshenari, ukipita tena, mwonyeshe ile hesabu ya 8217. Huenda hakuwahi kuelezwa na mtu, na kesho ataletewa faili jingine lenye tatizo hilo hilo.